Mimba ya Nne ya Filister Akoth

Mtoto wa tatu wa Filister Akoth alikaa duniani muda wa kuchemsha chai, akaondoka, na hakuna aliyemweleza mama yake sababu. Walimweleza mengine. Majirani pale Kianda, Kibera, walisema ni kijicho cha watu. Mchungaji alisema kazi ya Mungu haina makosa. Mama mkwe, aliyefunga safari kutoka Alego kuja kuomboleza, alisema mtoto alikuwa mkubwa mno na mzuri mno, na vizuri mno havikai.

Hilo la ukubwa ndilo lililomganda Filister, kwa sababu yeye alikuwa amejionea. Ilikuwa mwaka wa 1993, katika chumba chao cha mabati, na mbele yake alikuwa amepiga magoti Jael, mkunga wa kina mama wengi wa Kibera waliotoka upande wa Ziwa. Wote walimwita Dani, yaani nyanya. Kichwa cha mtoto kilitoka bila matata. Jael akasema, "Asante Yesu." Kisha mabega yakakataa. Filister alisukuma mpaka akahisi macho yake yanataka kutoka. Jael akavuta, akageuza, akavuta tena, na mtoto alipotoka mwishowe alikuwa amegeuka rangi ya zambarau, mkono mmoja umelegea. Alikuwa na mashavu ya mtoto wa miezi mitatu. Aliguna mara mbili. Basi.

Tangu siku hiyo Filister hakutulia. Chumba cha Kianda kilimkaba. Alihamisha kitanda kutoka ukuta huu hadi ule, akabadilisha kanisa, akarudi kanisa la kwanza, na mwishowe akamwambia mumewe, Okoth, "Tuhame ama nitatoka hapa peke yangu." Wakahamia Kawangware, kwenye plot ya mjane mmoja Mkikuyu aliyeitwa Wacera. Wapangaji walimwita Mama Muiruri, kwa jina la mwanawe. Filister akaweka karai lake la mafuta nje ya geti na kuendelea na kazi aliyoizoea: kukaanga mgongo wazi, yale mafuvu na mifupa ya samaki aina ya mbuta yanayobaki viwandani baada ya minofu kwenda ng'ambo.

Alikuwa mwanamke mkubwa. Hakuzaliwa hivyo. Alipoletwa Nairobi mwaka wa 1981, ana miaka kumi na tisa, upepo ungeweza kumbeba. Celine, kifungua mimba wake, alitoka kama anayeteleza. Kisha biashara ikashika, na mtu anayekaanga samaki kutwa nzima huonja kutwa nzima. Mwili ukaja polepole, na kila aliyemwona aliusifu. Kule kwao Ugenya walisema Nairobi imemkubali. Okoth, fundi wa makochi kando ya Ngong Road, aliwaambia wateja wake, "Ukitaka kujua kama kazi yangu ni imara, njoo nyumbani uone mke wangu amekalia." Oluoch, mtoto wa pili, alizaliwa na kilo nne na nusu, akamchana mama yake vibaya, lakini nani angelalamika juu ya mtoto mnono? Unene ulikuwa cheti cha ndoa. Hakuna hata siku moja mtu alipomwambia Filister kwamba mwili huo ungeweza kuwa na neno la kusema wakati wa kuzaa.

Mwaka wa 1996, akiwa na miaka thelathini na minne, aligundua kuwa ana mimba tena. Hakumwambia Okoth kwa wiki tatu. Alikaanga samaki wakaungua. Alianza kufua nguo zilizokuwa safi.

Mwezi wa nne wa mimba ulipofika alikwenda kliniki ya mtaa. Alifika asubuhi na mapema, akaketi kwenye benchi pamoja na wasichana ambao matumbo yao yalionekana vizuri, ya duara, huku lake likiwa limejificha ndani ya mwili. Alipopanda mizani, muuguzi aliyekuwa zamu aliita kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni:

"Kilo mia moja na kumi na nne! Mama, wewe unabeba mtoto ama unabeba gunia?"

Wasichana wakacheka, si sana, lakini walicheka. Filister akacheka pia, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya. Kisha muuguzi akachukua mkanda wa presha na kuuzungusha kwenye mkono wake wa juu. Ncha mbili hazikukutana. Akavuta, akazishikiza, akaanza kupuliza, na mkanda ukafunguka kwa mlio wa nguo inayochanika. Akajaribu mara ya pili. Ukafunguka.

"Mkono huu haupimiki," akasema, akachora kistari kwenye kadi mahali presha ilipotakiwa kuandikwa. "Enda, urudi mwezi ujao. Na upunguze chapati."

"Sista, mtoto wangu wa mwisho alikwama mabega. Nilitaka kuuliza..."

"Next!"

Hakurudi mwezi uliofuata. Badala yake alianza kutembea. Akimaliza kuuza, alikuwa akishika njia hadi Dagoretti Corner, anasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata, anarudi. Usiku alijigeuza kitandani mpaka Okoth akaenda kulala kwenye kochi. Kistari kile kwenye kadi kilimsumbua kuliko matusi. Aliona kana kwamba mtu alikuwa ameandika kwamba yeye hayupo.

Jumamosi moja alikwenda hadi Kianda kumtafuta Dani Jael. Alimkuta akichambua omena, dagaa wa Ziwa, mlangoni. Jael alimtazama tumbo, akaacha omena.

"Ni wa miezi mingapi?"

"Mitano. Dani, nimekuja kukuuliza. Usinifiche. Yule mtoto, kwa nini alikufa?"

Jael alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mikono yake imetoa watoto wasiohesabika, na kila mtu aliamini kwamba mikono hiyo ina macho.

"Nyathina," akasema, kama alivyowaita wote aliowazalisha, yaani mtoto wangu. "Mwanamke akija kwangu namgusa tumbo, najua mtoto amelala vipi, najua ukubwa wake, najua kichwa kiko wapi. Wewe nilikugusa nikaona giza. Nyama ilikuwa nyingi, mikono yangu haikufika kwa mtoto. Sikusema. Niliona aibu kusema sijui. Nikajiambia, huyu ameshazaa wawili, njia imefunguka."

Filister alimkodolea macho. Miaka mitatu alikuwa amemwombea mwanamke huyu kanisani, kwa kumhurumia.

"Hukusema," akasema.

"Sikusema. Na hii ya sasa sitaigusa, hata ukinililia. Enda kwa mtu mwenye vyombo. Kuna sista upande wa Riruta, kwa zahanati ya kanisa, Mkamba, anaitwa Nthenya. Nimempelekea watatu walionishinda. Hakunifukuza, wala hakuwacheka."

Filister aliondoka bila kuaga. Alifika njiani, hasira ikampanda, akageuka arudi amwambie Jael maneno makali. Akatembea hatua kumi, akageuka tena. Hakujua kama alichokibeba ni hasira ama ni nafuu ya kusikia mtu mmoja, hatimaye, akisema jambo lenye kichwa na miguu.

Sista Nthenya alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Zahanati yake ilikuwa vyumba viwili. Alimsikiliza Filister tangu mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akafungua kabati na kutoa mkanda mwingine, mpana karibu mara mbili ya ule wa kliniki.

"Huu ni wa paja," akasema, akiuzungusha mkononi mwa Filister bila taabu. "Ukimpima mtu mwenye mkono mkubwa kwa mkanda mdogo, presha inadanganya. Yako ya leo imepanda kidogo. Kidogo tu. Sasa enda na hiki kikopo, uniletee mkojo."

Alimwaga dawa ya buluu kwenye bomba la kioo, akatia matone machache ya mkojo, akalishika bomba juu ya mwali wa taa ya spiriti. Filister alisimama karibu, akitazama kama anayetazama mafuta yake mwenyewe. Buluu ikawa kijani. Kijani kikawa manjano. Manjano ikageuka rangi ya chungwa na kubaki hapo.

"Hiyo ni nini?"

"Ni sukari. Tutapima na damu ili tuhakikishe, lakini naona kama ni sukari. Kaa chini, Mama Celine. Usiogope, kiti hicho ni cha chuma, hakivunjiki. Kaa."

Filister akakaa. Nthenya akavuta stuli karibu.

"Mimba inafanya sukari ya mwili ishindwe kutulia, na mwili ukiwa mzito inashindwa zaidi. Sukari hiyo inavuka kwenda kwa mtoto. Mtoto naye anaihifadhi: mabega, kifua, tumbo. Kichwa kinabaki vile kilivyo. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa kichwa kinapita, halafu mabega yanakwama. Nafikiri ndivyo ilivyokuwa kwa yule wa tatu. Hakuna aliyepima, kwa hiyo siwezi kuapa."

Hapo ndipo Filister alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mpaka mwanamke aliyekuwa akisubiri nje akachungulia.

"Ni mimi nilimuua," akasema.

"Sikusema hivyo."

"Ni chakula changu. Ni huu mwili."

"Sikiza," Nthenya akasema, sauti yake ikikazana. "Wako wanawake wanene wanaozaa bila shida, na wako wembamba wanaopata sukari. Uzito unaongeza hatari, hauandiki hukumu. Ungekuwa umepimwa, ungejulikana. Wewe hukupimwa. Kwa hiyo nitakupima kila wiki, na hutakosa hata moja. Wala sitaki uanze kujinyima ukonde. Mtoto anahitaji kula. Nataka tu usiongezeke ovyo."

Soda ziliisha siku hiyo. Sukari kwenye chai ikaisha, na Filister akagundua kwamba chai isiyo na sukari ina ladha ya sufuria. Ugali ukapungua, sukuma wiki ikaongezeka, na samaki akawa wa kuchemsha. Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kukaa mbele ya karai kutwa nzima bila kuonja. Mikono ilijiendea yenyewe. Celine, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na aliyesaidia jioni baada ya shule, alimkamata mara mbili.

"Mathe, na hiyo?"

"Naonja chumvi."

"Chumvi ulionja jana."

Kila Alhamisi alitembea hadi Riruta. Rangi kwenye bomba ilishuka hadi kijani, siku nyingine ikarudi manjano, na siku hizo alirudi nyumbani mbio-mbio kama anayefukuzwa. Alikuwa akiamka kabla ya wote na kuhesabu mateke ya mtoto. Mtoto akinyamaza kidogo, alijipiga tumbo kwa kiganja: amka, wewe, amka. Mtoto alipoamka alimwambia alale.

Wiki ya thelathini na sita miguu ikafura. Mama Muiruri aliiona na kutikisa kichwa, lakini wateja walisema tu kwamba mimba imemkubali. Kisha kikaja kichwa kuuma, na asubuhi moja, akigeuza samaki, Filister aliona vimulimuli vikicheza pembeni mwa macho ilhali jua lilikuwa juu. Haikuwa Alhamisi. Akavua aproni, akatembea hadi Riruta, akisimama kila hatua hamsini.

Sista Nthenya alipima presha mara mbili, na mara ya pili akaacha mkanda mkononi bila kuufungua.

"Unaenda hospitali kubwa leo. Nakuandikia barua. Pengine watakupasua."

Filister alipofika nyumbani, Okoth alikuwa ameitwa kutoka kwenye makochi yake, akafika na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisoma barua akiwa amesimama uwanjani mwa plot.

"Kupasuliwa? Nyar Ugenya," akasema, yaani binti wa Ugenya, "mama yangu alizaa tisa kwa sakafu ya udongo. Hakuna aliyempasua."

"Mama yako alikuwa na sukari?"

"Hizi ni mambo za hospitali. Mwanamke akipasuliwa hawezi kubeba maji, hawezi kuzaa tena. Ngoja hadi kesho. Tumuite mchungaji."

"Okoth," akasema Filister. Alikuwa ameshikilia nguzo ya kamba ya nguo. "Mwaka ule nilingoja. Nililala kwa mkeka, nikangoja, kwa sababu kila mtu alisema niko na mwili, niko na nguvu. Ulimshika yule mtoto?"

Okoth akarudisha macho kwenye barua.

"Nakuuliza, ulimshika?"

"Nilimshika."

"Alikuwa mzito?"

Okoth akaikunja barua polepole, akaitia mfukoni mwa shati. Mama Muiruri, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni kwake, hakungoja mtu aseme neno. Akamwita mwanawe atoe pikapu. Wakamweka Filister nyuma, kwenye godoro, Okoth akiwa amemshika mabega, na Muiruri akaendesha kwa uangalifu usio wa kawaida yake.

Huko hospitalini mambo yalikwenda haraka na bado yakachelewa. Walimdunga sindano ya kuzuia degedege. Waliposema ni kupasua, ilibidi wamchome sindano ya ganzi mgongoni, na daktari wa ganzi hakuupata uti. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akadunga, akatoa. "Mama, pinda zaidi." Angepinda vipi, na tumbo liko mbele? Mara ya tatu alikosa. Filister alikuwa amemkumbatia muuguzi asiyemjua, uso wake umezama begani mwa mtu huyo, akisikia jasho la wote wawili. Mara ya nne miguu ikapata joto, kisha ikaondoka.

Alisikia kuvutwa, si maumivu. Akasubiri sauti. Alisubiri muda mrefu kuliko alivyowahi kusubiri kitu chochote. Alipotaka kuuliza, mtoto akalia kwa hasira, kilio kizito cha mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

"Mvulana. Kilo nne na gramu mia tatu," mtu akasema. Hawakumpa. Walimwonyesha tu, mashavu na kifua kama vya yule mwingine, mikono yote miwili ikirusharusha, kisha wakaondoka naye kwenda nasari, chumba cha watoto wachanga. Sukari yake imeshuka, walisema. Alikuwa amezoea nyingi kutoka kwa mama, na sasa imekatwa ghafla. Siku mbili Filister alilala bila kumwona. Alimsumbua kila aliyepita kitandani: anapumua? Amekula? Mnanidanganya? Siku ya tatu walimletea. Alimfungua nguo zote, akamkagua mkono mmoja, kisha mwingine, akaukunja, akaunyosha, akaukunja tena. Walimwita Opondo.

Lakini mwili haukumaliza naye. Siku ya nane, akiwa amesharudi nyumbani, kidonda kilifunguka chini ya mkunjo wa tumbo, mahali ambapo hewa haifiki. Wiki saba alikwenda Riruta kusafishwa, kila baada ya siku moja. Celine alimbeba mtoto, Okoth akachota na kubeba maji, akapika, na wanaume wenzake wa Ngong Road walipomcheka aliwatupia kipande cha mbao. Dani Jael alikuja kutoka Kianda siku moja na kuku. Filister alimpokea. Hawakulizungumzia lile la zamani, ila alipokuwa akiondoka Jael alimchukua mtoto, akalibonyeza bega lake kwa kidole, polepole, na kumrudishia mama.

Sista Nthenya alimtahadharisha mapema: sukari iliyokuja na mimba huweza kuondoka na kurudi bila mimba. Ilirudi mwaka wa 1999. Filister alianza kumeza vidonge, akapungua kilo kumi na mbili, akaongeza tano, akapungua tena. Celine alikuwa amemaliza shule na mwili wake ulikuwa umeanza kujaa, mapema kuliko wa mama yake. Mama alimwambia kila kitu siku moja wakichambua mboga, kuanzia mkeka wa Kianda hadi ile rangi ya chungwa. Celine akauliza, "Kwa hivyo na mimi itanipata?" Filister hakujua. Alimwambia hajui, na usiku huo hakulala.

Mchana mmoja wa mwaka huohuo alikuja mteja mgeni, msichana mkubwa wa mwili, mrembo, gauni limembana tumboni. Alichagua kichwa cha samaki na kuagiza soda mbili kwa duka la jirani.

"Ni wa miezi mingapi?" Filister akamuuliza.

"Sita." Msichana akatabasamu.

"Umepimwa sukari? Na presha, walikupima kwa mkanda uliofunga vizuri?"

Tabasamu likaondoka. "Kwani unaniona mnene?"

"Nakuona mnene kama mimi. Ndiyo maana nauliza."

Msichana aliacha samaki kwenye gazeti, akageuka, akaenda zake akinung'unika kuhusu watu wa Kawangware wasio na adabu. Filister alimtazama akipita kinyozi, akipita kibanda cha makaa. Samaki walikuwa wakichemka katika mafuta. Akaweka koleo chini.

"Mama Muiruri, nigeuzie hawa!" akapaza sauti kuelekea ndani ya geti, na bila kungoja jibu akashika njia, pumzi zikimpaa, akimwita yule msichana asimame.